Asili na Safari ya Kitenzi "Scarf Down": Njia ya Rasi ya Tumaini Jema katika Simo ya Kiingereza

Utangulizi

Mtu alaye upesi upesi na kwa pupa, akajaza kinywa kabla hajamaliza kutafuna, huelezwa na Wamarekani katika mazungumzo yao ya kawaida kwa usemi "scarf down". Usemi huo si wa mahakamani wala wa mimbarini. Ni wa watoto wa shule, wa askari bwaloni, na wa wafanyakazi wenye dakika chache za kula kabla king'ora hakijalia. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuufasiri: kufakamia, kubugia, kubwakia, kupapia. Hata hivyo, msomi wa Afrika Mashariki aukutapo kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu "scarf" aliyoizoea ni ile iliyoingia katika Kiswahili kwa sura ya skafu, yaani kitambaa cha kujifunga shingoni au kichwani. Kitambaa na ulafi vina uhusiano gani?

Havina uhusiano wowote. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika sura moja baada ya kutoka pande mbili tofauti. Jina la kitambaa lilitoka katika Kifaransa cha kale na kuingia Kiingereza katika karne ya 16. Kitenzi cha kula kina historia nyingine, na historia hiyo haijulikani sana hata kwa wale wanaokitumia kila siku.

Makala haya yanakusudia kufuatilia asili ya kitenzi hicho kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, na kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba njia inayoelekea zaidi kuwa ndiyo iliyokileta katika Kiingereza cha Marekani inapita kusini mwa Afrika, katika barabara za magari ya maksai za Rasi ya Tumaini Jema. Pili, kwamba giza lililokizunguka kitenzi hiki halikutokana na ukale wake, bali lilitokana na hali ya watu waliokitumia. Walikuwa watu wa kazi, na maneno yao hayakuhesabiwa kuwa yanastahili kuandikwa. Jambo hili la pili ndilo linalowahusu zaidi wale wanaotunga kamusi za Kiswahili.

Kitenzi na chembe yake

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kwanza kuangalia muundo wa usemi wenyewe. Kiingereza kina desturi ya kuambatanisha kitenzi kifupi na chembe ya mahali au mwelekeo, kama "up", "down" na "out", na kupata maana ambayo haimo katika kitenzi peke yake. Katika uwanja wa kula, kila chembe ina kazi yake. "Up" huonyesha ukamilifu, kwa hiyo "eat up" ni kula mpaka kumaliza. "Down" huonyesha mwelekeo wa chakula kutoka kinywani kwenda tumboni, na hutaka yambwa, yaani lazima kitajwe kile kinacholiwa. "Out" huonyesha kupita kiasi, na haikubali yambwa ya moja kwa moja. Usemi "pig out", ambao maandishi yake yanajulikana tangu mwaka 1979, hausemi mtu amekula nini mpaka kihusishi kingine kiongezwe.

Vitenzi vinavyoingia katika miundo hii hutoka katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wanyama. "Wolf down" limetokana na jina la mbwa-mwitu, na kitenzi "wolf" kwa maana ya kula kama mnyama huyo kimeandikwa tangu mwaka 1862. "Pig out", kama jina lake linavyoonyesha, limetokana na nguruwe. Kundi la pili ni la kinywa na kinachokijaza. "Gobble", ambalo ni la zamani zaidi kuliko hayo yote kwani lilikuwapo tokea mwanzo wa karne ya 17, yaelekea limetokana na neno lenye maana ya donge au tonge.

Kundi la tatu ni la watu wanaolishwa kwa pamoja na kwa saa maalumu. Mfano wake mzuri ni "chow down", usemi uliopata nguvu katika majeshi ya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Neno "chow" lilitoka katika pijini ya Kiingereza iliyotumika katika bandari za Uchina, likavuka bahari ya Pasifiki pamoja na watu wa kazi, na kuonekana California katikati ya karne ya 19. Halina mnyama ndani yake, wala halikubeba maana ya uroho hapo mwanzo. Lilikuwa jina la chakula tu, katika lugha ya watu waliokula kwa foleni. Itaonekana hapa chini kwamba "scarf down" ni ndugu wa "chow down", wala si ndugu wa "wolf down".

Madai matatu kuhusu asili

Ushahidi wa maandishi wa "scarf" katika uwanja wa kula si wa zamani. Likiwa nomino yenye maana ya chakula au mlo, linajulikana nchini Marekani tangu mwaka 1932. Likiwa kitenzi chenye maana ya kula kwa pupa, linajulikana tangu mwaka 1960, na wakati huo lilihesabiwa kuwa neno la vijana. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ilikuwa imekwisha kukamilika kabla neno hili halijaonekana katika maandishi. Mtafiti anayeanza na kamusi hiyo katika sura yake ya kwanza, basi, harudi na kitu.

Wataalamu wametoa madai matatu. Dai la kwanza hulirudisha neno katika Kiingereza cha kale, kwenye kitenzi "sceorfan", kilichokuwa na maana ya kuguguna au kuuma. Dai hili linavutia kwa sababu sauti zinafanana na maana ziko karibu. Udhaifu wake ni pengo la wakati. Kati ya Kiingereza cha kale, ambacho kilikoma kuandikwa katika karne ya 12, na Marekani ya karne ya 20, kuna miaka takriban 800 ambayo kitenzi hicho hakionekani kikibeba maana hii. Si muhali neno kuishi vinywani mwa watu kwa muda mrefu bila kuandikwa, lakini anayedai hivyo hana budi kuonyesha lahaja iliyolihifadhi.

Dai la pili husema kwamba neno ni mwigo wa sauti tu, yaani mlio wa mtu anayekula bila adabu. Dai hili haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na kwa ajili hiyo halisaidii sana. Aidha, halielezi kwa nini neno lilianza kama nomino yenye maana ya chakula. Maneno ya mwigo wa sauti aghalabu huanza kama vitendo, kisha ndipo yakawa majina. Hapa mfuatano wa ushahidi ni kinyume.

Dai la tatu husema kwamba "scarf" ni sura nyingine ya "scoff", neno la Kiingereza lenye maana mbili hizo hizo: likiwa nomino, chakula, na likiwa kitenzi, kula kwa pupa. Dai hili lina nguvu kuliko mengine. Maana zinalingana kabisa, tarehe zinafuatana, na tofauti ya sauti inaweza kuelezwa. Lakini dai hilo huhamisha tu swali kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Je, "scoff" lenyewe lilitoka wapi?

"Scoff": Uskoti au Rasi?

Ni lazima kwanza kuondoa mkanganyiko mwingine. Kiingereza kina kitenzi "scoff" chenye maana ya kudhihaki, ambacho kimekuwapo tokea karne ya 14. Hicho si kitenzi kinachozungumziwa hapa. "Scoff" ya kula imeandikwa tangu mwaka 1846, na kamusi huitolea asili mbili.

Asili ya kwanza ni ya Uskoti, ambako kulikuwa na neno "scaff" lenye kuhusu chakula, lililokwisha kuandikwa kabla ya mwisho wa karne ya 18. Wako wanaodhani kwamba neno hilo la Kiskoti nalo limetokana na "schaffen" ya Kiholanzi na Kijerumani, yenye maana ya kupata au kuandaa kitu. Jambo hilo halishangazi, kwani Waskoti na Waholanzi walifanya biashara na uvuvi katika bahari moja kwa karne nyingi.

Asili ya pili ni ya Rasi ya Tumaini Jema. Katika Kiholanzi, "schoft" lilikuwa robo ya siku ya kazi. Siku ya kibarua iligawanywa katika mafungu manne, na kila fungu lilikwisha kwa mapumziko na chakula. Kitenzi "schaften", chenye maana ya kupumzika kazini ili kula, kingali hai katika Kiholanzi cha leo. Neno hilo lilifika kusini mwa Afrika pamoja na watumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, waliotia nanga chini ya Jan van Riebeeck mwaka 1652 na kuanzisha kituo cha kuzipatia merikebu maji, nyama na mboga.

Huko Rasi, maana ya neno ilipanuka kwa kufuata maisha ya nchi. Safari za bara zilifanywa kwa magari makubwa yaliyokokotwa na maksai, jozi nyuma ya jozi. Maksai hawawezi kukokota mchana kutwa. Huenda saa chache, kisha hufunguliwa nira ili walishwe na kunyweshwa, na watu nao huwasha moto na kupika. Kipande hicho cha safari, kutoka kufunga nira mpaka kuifungua, ndicho kilichoitwa "schoft", na katika Kiafrikana "skof". Hivyo neno moja lilishika mambo matatu yasiyotengana: muda wa kazi, mwendo wa njia, na chakula kinachoufuata mwendo huo. Waliolitamka kila siku hawakuwa wenye magari tu. Walikuwa pia waendeshaji na viongozi wa maksai, wengi wao Wakhoikhoi na wazao wa watumwa walioletwa kutoka Asia, Bukini na pwani ya Msumbiji. Watu hao ndio waliokigeuza Kiholanzi cha Rasi kuwa Kiafrikana.

Waingereza waliiteka Rasi mwaka 1795, wakairudisha mwaka 1803, wakaitwaa tena mwaka 1806. Mwaka 1820 serikali yao ilileta walowezi wapatao 4,000 na kuwaweka katika mpaka wa mashariki. Miongoni mwao lilikuwamo kundi la Waskoti lililoongozwa na mshairi Thomas Pringle, ambalo lilikaa karibu na Waholanzi wa bara. Walowezi hawa walijifunza kusafiri kwa magari ya maksai, na pamoja na safari walijifunza msamiati wake. Maneno "trek", "inspan" na "outspan" yaliingia Kiingereza kwa njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo ugomvi wa asili mbili unapoweza kusuluhishwa. Wanaoshikilia Uskoti na wanaoshikilia Rasi hubishana kana kwamba mmoja akiwa na haki mwingine hana. Lakini neno la simo halina lazima ya kuwa na mzazi mmoja. Mskoti aliyekuwa na "scaff" yake ya chakula, akiketi karibu na moto wa Mholanzi aliyeita mlo wake "schoft", hakusikia neno geni. Alisikia neno lake likitamkwa kwa namna nyingine. Katika hali kama hiyo maneno mawili huimarishana. Hakuna hati iliyonasa tukio hilo, lakini mazingira yake yamethibitishwa na historia, nayo yanaeleza kwa nini "scoff" ilipata nguvu katika karne ya 19.

Baharini, relini, na kuzaliwa kwa "r"

Kabla ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, merikebu za kwenda India na kurudi zilizunguka Rasi. Baharia na askari walishuka Cape Town na kuondoka na maneno. Mwishoni mwa karne ikaja vita vya Waingereza na Makaburu, vilivyodumu kuanzia mwaka 1899 hadi 1902, na askari zaidi ya 400,000 wa Uingereza na makoloni yake wakapita katika nchi hiyo. Kwamba askari hao walirudi na msamiati wa kusini mwa Afrika ni jambo lisilo na shaka. Jukwaa la mashabiki katika uwanja wa mpira wa Anfield, Liverpool, liliitwa Kop mwaka 1906 kwa kumbukumbu ya kilima cha Spion Kop, ambako wengi waliuawa Januari 1900. Neno la chakula halikuhitaji kumbukumbu ya aina hiyo. Mlo huja mara tatu kwa siku, na jina lake huja nao.

Kuvuka kwa "scoff" kwenda Marekani kulikuwa kazi ya watu wa namna hiyo hiyo. Neno linakutwa katika lugha ya wazururaji waliokuwa wakidandia magari ya moshi ya mizigo na kutafuta vibarua kutoka jimbo hadi jimbo. Kwa mtu asiyejua mlo wake ujao utatoka wapi, tofauti kati ya "kula" na "kula kwa pupa" ni ndogo. Akipata, hula upesi kabla hajafukuzwa. Inaelekea kwamba hali hiyo ya maisha ndiyo iliyolisukuma neno kutoka maana ya chakula kufikia maana ya kufakamia. Ulafi haukuwamo katika neno lenyewe; uliingizwa na njaa ya waliolitumia, na pengine na macho ya wale waliowatazama wakila.

Yabakia kueleza sauti "r". Katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, na katika lahaja kadhaa za pwani ya mashariki ya Marekani, "r" iliyo mbele ya konsonanti haitamkwi. Huacha tu alama ya kurefusha irabu. Kwa wasemaji hao, herufi "ar" ni njia ya kuandika "a" ndefu. Wamarekani wengi nao hutamka irabu ya "scoff" kwa kinywa wazi, karibu na "a". Mtu wa lahaja isiyotamka "r" akitaka kuliandika neno kama alivyolisikia, ataandika "scarf" bila kukusudia "r" yoyote. Msomaji wa lahaja inayotamka "r" atalisoma kama lilivyoandikwa, na "r" itazaliwa kutoka katika karatasi.

Maelezo haya si ya kubuniwa kwa ajili ya neno moja. Jina "Burma" liliandikwa na Waingereza wasiotamka "r" yake, na leo Wamarekani huitamka. Neno "schoolmarm", yaani mwalimu wa kike wa shule ya kijijini, limetokana na "ma'am", ambayo haina "r" hata kidogo. "Scarf" inaingia vizuri katika safu hiyo. Mara ilipopata sura hiyo ikafanana na jina la kitambaa, na mfanano huo ukaficha asili yake.

Tawi lililobaki Afrika

Wakati tawi moja la neno lilipokuwa likisafiri kwenda Marekani, tawi jingine lilibaki na kuenea kusini mwa Afrika. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini, "skof" imebaki na maana ya zamu au kipindi cha kazi, kama kamusi ya kihistoria ya Kiingereza hicho iliyochapishwa na Oxford mwaka 1996 inavyoonyesha. Almasi ilipovumbuliwa katika nchi ya Kimberley na dhahabu huko Witwatersrand mwaka 1886, migodi ilikusanya wanaume kutoka Msumbiji, Lesotho, Malawi, Zimbabwe na kwingineko. Lugha ya amri katika migodi hiyo ilikuwa Kifanagalo, pijini yenye msamiati mwingi wa Kizulu pamoja na maneno ya Kiingereza na Kiafrikana. Katika Kifanagalo, chakula huitwa "skafu". Mkebe ambao mfanyakazi wa Afrika Kusini hubebea chakula chake huitwa "skaftin" mpaka leo, neno lenye "schaft" ya Kiholanzi upande mmoja na bati la Waingereza upande wa pili.

La kupendeza zaidi kwa mwanaisimu wa lugha za Kibantu ni neno la Kishona "chikafu", ambalo ni jina la kawaida la chakula, lililo sambamba na "zvokudya", yaani vya kula. Inaelekea kwamba "chikafu" ni tunda la "skafu" hiyo hiyo. "S" ya mwanzo ilichukuliwa kuwa mabaki ya kiambishi cha ngeli, kile ambacho katika lugha za Kinguni ni "isi-" na katika Kishona ni "chi-". Kiambishi cha Kishona kikawekwa mahali pake, na shina jipya "-kafu" likapatikana. Kiswahili kilifanya vivyo hivyo kilipolipokea neno la Kiarabu "kitabu" na kulitia katika ngeli ya KI-VI, wingi wake ukawa vitabu, kana kwamba "ki" haikuwa sehemu ya mzizi.

Matawi mawili haya yakilinganishwa, hutokea jambo la kutafakari. Neno moja la robo ya siku ya kazi limekuwa, kwa Mshona, jina la heshima la chakula linaloweza kutumiwa mezani na mbele ya wakwe. Kwa Mwingereza na Mmarekani limekuwa neno la kumchekea mlafi. Sauti hazikuamua jambo hilo. Iliyoamua ni nafasi ambayo neno lilipewa katika jamii iliyolipokea.

Funzo kwa Kiswahili

Historia ya "schoft" ina mwenziwe katika Kiswahili, naye ni posho. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara, posho ilikuwa fungu la chakula la mpagazi, lililopimwa kwa kibaba cha nafaka au kulipwa kwa nguo na shanga ili ajinunulie mwenyewe njiani. Lilikuwa neno la kipimo na ujira kabla ya kuwa neno la chakula. Leo, Mganda asemapo posho anakusudia ugali wa mahindi. Mkenya hupeleka mahindi yake kwenye kinu cha posho. Mtanzania hutaja posho ya kikao au ya safari, na hiyo ni fedha. Magari ya maksai ya Rasi na misafara ya wapagazi ya Afrika Mashariki ilizaa maneno yenye mwendo mmoja: kazi inagawanywa, fungu la kazi linalipwa kwa chakula, na jina la fungu linakuwa jina la chakula.

Kwa upande wa vitenzi vya kula kwa pupa, Kiswahili hakina haja ya chembe kama "down", kwa kuwa mwelekeo umo ndani ya kitenzi. Mtu akivipanga vitenzi hivi ataona kwamba vingi huishia kwa "-ia": kubugia, kujaza kinywa vitu vidogo vidogo; kubwia, kujitupia kinywani, hasa kitu cha unga; kubwakia; kupapia; kuakia, kumeza bila kutafuna; kufakamia; na kwa vinywaji, kugugumia. Si lazima kila kimoja kiwe kimenyambuliwa kutoka katika kitenzi kifupi kinachojulikana leo. Lakini mfanano wao na vitenzi kama kuvamia, kurukia, kuparamia na kudakia hauwezi kupuuzwa. Katika hivyo vyote mtendaji anakiendea kitu kwa nguvu na kukishukia. Mlafi wa Kiswahili hakisukumi chakula chini kama wa Kiingereza, anakivamia. Hapa pana mada inayongoja mtafiti wa unyambulishaji.

Upungufu ulio mkubwa zaidi ni wa tarehe na mahali. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni nguzo za kazi hii, na hakuna awezaye kuandika juu ya msamiati wa Kiswahili bila kuzishukuru. Lakini hazikutungwa kwa kanuni ya kihistoria. Haziwezi kumwambia mtafiti kufakamia kulisikika wapi kwanza, kama kupapia kulikuwa neno la mabaharia au la wakulima, au ni lini kubwia kulianza kutumika kwa dawa za kulevya. Maneno ya Sheng kama kumanga, yaani kula, na kudishi, linalotokana na jina la Kiingereza la sahani, yamezunguka Nairobi kwa miaka mingi. Dishi linapita njia ile ile ya "scoff": jina la kitu kinachohusiana na mlo linakuwa chakula, kisha linakuwa tendo la kula. Asiyeliandika kwa sababu ni neno la vijana atawaachia wajao fumbo walilorithi wanafunzi wa "scarf down".

Hitimisho

Kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, yaelekea kwamba "scarf down" ni sura ya Kimarekani ya "scoff", na kwamba "scoff" ilipata nguvu zake palipokutana neno la Kiskoti na neno la Kiholanzi cha Rasi. "R" yake ilitokana na maandishi, maana yake ya ulafi ilitokana na njaa ya njiani, na chembe yake "down" iliongezwa kwa desturi ya Kiingereza cha mazungumzo. Dai la Kiingereza cha kale halikanushwi moja kwa moja, lakini linahitaji ushahidi ambao bado haujatolewa.

Katika kila hatua ya safari hii, mtu aliyelibeba neno alikuwa mtu wa kazi: mwongoza maksai, baharia, askari, mzururaji wa reli, mchimba dhahabu. Katika kila hatua pia, mwenye kalamu alichelewa. Kamusi ziliposema kwamba asili ya neno ni ya giza, giza hilo lilikuwa la wenye kamusi, kwa kuwa wasemaji wenyewe walijua vizuri walichokuwa wakila na saa waliyokila. Lugha ya Kiswahili, ambayo nayo ilipelekwa bara na wapagazi, mabaharia na askari kabla ya kupelekwa na vitabu, ina maneno mengi ya aina hii. Yafaa idara za lugha katika vyuo vikuu zianze kuyakusanya pamoja na mahali yalipotamkwa, watu walioyatamka na mwaka yaliposikika, wakati wasemaji wake wangali wanaweza kuulizwa.